Hita ya Porsche ya Afande: kisa cha kioo kilichofunga ukungu Kanaba

Afande alishuka kwenye gari akiwa na kandambili. Huyu ni mtu niliyemzoea na viatu vya ngozi vinavyong'aa, maana mazoea ya jeshini hayamtoki hata baada ya kustaafu, kwa hiyo macho yangu yalikwenda moja kwa moja miguuni. Akaniwahi: "Usicheke, fundi. Kutoka Nateete mpaka Clock Tower mguu wa kulia ulikuwa unapikwa kama katogo."

Gari lenyewe ni Porsche 911 SC ya 1981, lita 3.0, usukani kulia. Lilitoka Uingereza miaka mingi kabla ya sheria ya Uganda ya 2018 iliyoyafungia mlango magari yenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Kwa vijana wa boda boda ni gari la kugeuza shingo. Kwangu mimi ni gari ambalo injini yake haina rejeta wala tone la maji, na shida yote ya Afande ilianzia hapo.

Malalamiko yalikuwa matatu. Mguu nimeshausema. La pili ni harufu: akikaa kwenye foleni ananusa kitu kilicho kati ya mafuta yaliyoungua na moshi, na akifika nyumbani kichwa kinamgonga. La tatu ndilo lililomleta kwangu. Wiki mbili kabla, alikuwa anatoka Kabale kwenda Kisoro msibani, mvua ikamkuta kwenye kona za Kanaba, kioo cha mbele kikafunga ukungu kwa ndani. Mama watoto akawa anafuta kwa leso, yeye anaendesha huku kichwa kiko nje ya dirisha. Wenzo mwekundu wa hita aliuvuta mpaka mwisho. Kilichopanda ni harufu. Joto likabaki miguuni.

Baada ya kuyasema yote hayo, ombi lake likawa fupi: "Ng'oa hita yote. Uganda hita ya nini?"

Ombi hilo nimelisikia mara nyingi kwa wenye magari ya aina hii, na ndiyo sababu nakiandika kisa hiki kwa urefu. Nilimjibu, "Afande, nipe siku mbili niangalie kwanza." Akaniachia ufunguo na kuondoka kwa boda.

Kwenye gari la kawaida, tuseme Premio au Hilux, hita ni rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi. Maji ya moto ya injini yanapita humo, feni inapuliza, basi. Ukiikata na kuunganisha mipira miwili pamoja, injini haina habari. Porsche 911 za kupozwa kwa hewa, tangu ile ya kwanza iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963 mpaka za mwisho za 1998, hazina maji hayo. Nyuma kuna feni moja kubwa iliyosimama wima, imekaa kwenye ekseli moja na alteneta, inazungushwa na mkanda. Inavuta hewa ya chumba cha injini na kuisukuma kwenye silinda sita. Sehemu ya hewa hiyo hiyo inachepushwa na kushushwa chini kwenye mabomba ya ekzosi. Mabomba hayo yamevikwa bati kama mtu aliyevaa jaketi. Hewa inapita katikati ya jaketi na bomba, inapata moto, inaelekea mbele mpaka kwenye kikasha chenye kilango, kimoja kila upande. Wenzo ukiwa chini, kilango kinaimwaga hewa nje, chini ya gari. Ukiuvuta, kebo inageuza kilango na hewa inaingia ndani ya mhimili ulio chini ya mlango, inasafiri humo mpaka mbele. Huko nyingine inatokea miguuni, nyingine inapanda kwenye kioo.

Volkswagen ya mgongo wa kobe ina mpango uleule, na hiyo wazee wetu waliijua vizuri: ilishinda East African Safari ya 1962, enzi ambazo mbio hizo bado zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa hiyo mambo haya si mageni kwetu, yamesahauliwa tu.

Angalia sasa kilichomo kwenye maelezo hayo. Hewa inayokupasha moto ni hewa ya kupozea injini, na kabla haijakufikia imepakana na moshi wa ekzosi, bati jembamba likiwatenganisha. Anayegusa hita ya gari hili amegusa ubaridi wa injini na pumzi ya abiria kwa mkono mmoja. Fundi aliyelishika gari hili kabla yangu, na simtaji, hakuliona hilo.

Nilianza na chumba cha injini. Kwenye SC kiwandani wanaweka kipulizio cha umeme upande wa kushoto, kazi yake ni kuisaidia hewa ya hita injini inapozunguka polepole. Hakikuwapo. Motaa zake hukwama na uzee na kuunguza fyuzi, kwa hiyo simlaumu mtu kwa kukiondoa. Tatizo ni alivyoondoa. Mdomo mpana wa nyumba ya feni, uliokuwa unakilisha kile kipulizio, alikuwa ameuziba kwa kipande cha debe la mafuta ya kupikia kilichopondwa kwa nyundo na kufungwa kwa waya wa kusukia vyuma vya ujenzi. Maandishi ya njano yalikuwa bado yanasomeka. Pembeni mwa kipande hicho vidole vyangu vitatu viliingia bila kugusa kitu. Nilipowasha injini na kuweka kitambaa pale, kilipeperuka kama bendera.

Hewa hiyo iliyokuwa inapeperusha kitambaa ni hewa iliyotakiwa kuwa juu ya silinda.

Kutoka kwenye mdomo huo alikuwa amevuta hosi moja tu, ya upande wa kulia. Jaketi la kushoto lilikuwa halipati hewa kabisa, na tundu la kwenye bati la injini, ambapo hosi ya kushoto ilikuwa inashukia, lilibaki wazi, ukubwa wa ngumi. Hapo pana jambo ambalo ukilikosa hutaelewa kilichonipata baadaye. Mabati yanayoizunguka injini hii si pambo. Yanatenga ulimwengu wa juu na wa chini: juu hewa baridi inayovutwa na feni, chini hewa iliyokwisha kupita kwenye silinda pamoja na ekzosi na silensa. Tundu lolote kwenye mabati hayo linairudisha hewa ya moto juu, feni inaivuta tena, na injini inajipoza kwa jasho lake yenyewe.

Nikaingia chini. Kilango cha kulia kilikuwa kimekwama nusu wazi, kutu imekishika kwenye ekseli yake, springi ya kukirudisha imekatika. Ndiyo siri ya kandambili: wenzo uko chini, kumbe mguu wa dereva unapulizwa hewa ya ekzosi kutwa. Cha kushoto kilikuwa kimefungwa kabisa, kebo yake imekatikia ndani ya ala. Mbele, kwenye sehemu ya miguu, kile kisahani cha kuteleza kinachoamua hewa iende chini au juu hakikuwapo, na bomba linalopanda kwenye kioo lilikuwa limechomoka. Kwa hiyo siku ile ya Kanaba gari lilikuwa na hita ya upande mmoja, ya mguu mmoja, isiyofika kwenye kioo hata kidogo.

Nilipoinua zulia la mbele upande wa abiria nikakamua maji. Nimeandika "nikakamua" na namaanisha hivyo. Kijana wangu alileta kikombe cha plastiki kwa mzaha na kikajaa. Mpira wa kioo cha mbele ulikuwa umekauka na kupasuka kona ya juu, mvua inashuka nyuma ya dashibodi na kutulia chini ya sponji ya zulia. Gari lenye zulia la namna hiyo linabeba mvua yake lenyewe. Ukilipandisha mlima, kioo kikapoa kwa nje, ule unyevu wote utatafuta mahali pa kutulia, na mahali pake ni kioo.

Kabla sijafungua kitu nilitaka namba. Nina kengele ya kaboni monoksidi (gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa injini), ile ya nyumbani inayotumia betri na kuonyesha tarakimu. Niliiweka kwenye kiti cha abiria, nikafunga madirisha na kutembea na gari kuelekea Katwe, hapa Kampala, saa ya foleni. Baada ya dakika kumi ilisoma 74, yaani sehemu 74 za gesi hiyo katika kila sehemu milioni za hewa. Nilifungua madirisha yote mawili na kurudi hivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu asikae zaidi ya saa moja kwenye miligramu 35 kwa mita ya ujazo, ambayo kwa kengele hii ni kama 30. Gesi hii haina harufu. Anachonusa Afande ni vitu vingine vinavyosafiri nayo. Damu inaishika zaidi ya mara mia mbili kuliko inavyoishika oksijeni, na haiiachi upesi. Kichwa cha Afande hakikuwa cha uzee.

Kuyashusha majaketi kulitumaliza siku nzima. Kila upande una silinda tatu, kila silinda ina stadi mbili (bolti zisizo na kichwa, zinazokazwa kwa nati), na baadhi ya nati ni zile ndefu za mviringo zinazofikiwa kwa ufunguo mrefu wa pembe sita kupitia kwenye vitundu vya jaketi. Chuma kilichokaa miaka arobaini kikipashwa moto na kupoa hakikubali kirahisi. Tulipasha nati kwa gesi mpaka ikaiva, tukaigusisha mshumaa. Nta inayeyuka na kunyonywa kwenye nyuzi, unasubiri kidogo, unajaribu kwa mkono mwepesi. Kumi na moja zilitoka. Ya kumi na mbili ilikatika, kulia nyuma, na kuitoboa bila kuharibu kichwa cha silinda kulichukua asubuhi ya pili yote. Ukifanya kazi hii usimwachie kijana mwenye haraka.

Jaketi huwezi kulihukumu kwa macho, maana bomba linalooza liko ndani. Tulifanya hivi: tukaziba midomo ya ekzosi kwa vipande vya bati na mpira, moja tukaachia kinywa kidogo cha kuingizia hewa ya kompresa kwa nguvu ndogo, kisha tukalizamisha jaketi zima kwenye nusu ya pipa la maji. Kama bomba la ndani ni zima, maji yanatulia. La kushoto lilitulia. La kulia lilianza na mapovu mawili matatu, kama samaki anayepumua, kisha yakaja kwa mfululizo kutoka kwenye mdomo wa hewa ya hita. Sote tulinyamaza. Moshi wa silinda tatu ulikuwa na njia ya wazi ya kuingia kwenye mhimili wa mlango wa dereva.

Sishangai kwamba limeoza. Miaka yake ya kwanza ilikuwa Uingereza, ambako wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani. Mwili wa gari umepona kwa sababu Porsche walianza kuupaka zinki mwili wa 911 miaka michache kabla ya huu wa kwetu kutengenezwa. Jaketi lilikuwa chuma cha kawaida.

Afande alipokuja tuliketi naye juu ya matairi, chai mkononi, tukapanga.

Ombi lake la kung'oa kila kitu lilikuwa na mantiki. Katwe kuna wachomeleaji wanaoweza kukunja mabomba sita mazuri yasiyo na jaketi. Unaziba mdomo wa nyumba ya feni kwa bati la kweli, unaziba matundu ya mabati, unaziba mihimili, na hewa yote inakwenda kwenye silinda. Gesi haina njia tena. Kama Afande angekuwa mtu wa Kampala na Entebbe tu, ningemfanyia hivyo na kisa kingeishia hapo. Ila huyu ana shamba Kabale. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, Kabale inakaribia 2,000, na Kanaba inapita hapo. Usiku wa mvua huko unaona pumzi yako mwenyewe. Hita pale si ya kumpasha mtu, jaketi la sufi linatosha. Ni ya kioo.

"Basi niwekee ya umeme," akasema. Mpwa wake alikuwa amemwonyesha kwenye simu kile kihita cha kuchomeka kwenye tundu la sigara. Wati 150. Kwa volti 12 kinakula ampea 12.5, na kinachotoka ni joto la balbu chache za zamani, haliwezi kukausha kioo kizima chenye watu wawili wanaopumua na zulia la maji. Nilimwambia aache.

Kiyoyozi? Kwenye magari ya siku hizi ndicho kinachofuta ukungu, kwa sababu kinakausha hewa kabla haijapashwa. Gari hili kilishaondolewa zamani, na kwenye SC kondensa moja inakaa kwenye mfuniko wa injini, juu kabisa ya feni, kwa hiyo feni inavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto. Kupandisha milima ya Kigezi, huko Kabale, na mzigo huo sikutaka. Hewa ya Kanaba ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Feni inazungusha ujazo uleule lakini inabeba hewa pungufu. Ni mahali pabaya pa kupunja injini.

Majaketi ya chuma kisichoshika kutu yapo, yanatengenezwa Marekani na Denmark, na kwa mtu mwenye uwezo ndiyo jibu. Yale ya Marekani kwenye SC yanakuvuta ubadilishe silensa na mabomba ya oili pia. Afande alisikiliza bei, akanywa chai, akabadilisha mazungumzo.

Tulichokubaliana ni hiki. Jaketi la kulia linatafutwa lililotumika, lipite kwenye pipa letu kabla halijafungwa. Kipulizio cha umeme hakirudi. Vikasha vya kilango vinafufuliwa na springi mpya. Na sehemu ya miguu inazibwa kabisa pande zote mbili, hewa yote ya moto iende kwenye kioo na si kwingine.

Hilo la kipulizio lilimfanya anitazame kwa jicho la pembeni, maana alishaambiwa na watu kwamba hita bila kipulizio ni bure. Ulaya ni kweli. Mtu wa Ulaya anasimama kwenye taa nyekundu theluji inaanguka, injini iko chini, feni haipulizi kitu, anahitaji msaada wa umeme. Sisi tunapohitaji kioo kikauke tuko mlimani, gia ya pili, injini juu ya mizunguko 3,000, na feni inavuma yenyewe kwa nguvu zote. Tunapokuwa kwenye foleni na injini chini tuko Kampala, tunataka joto lisitusogelee. Kipulizio kilitatua shida ya nchi nyingine.

Jaketi lilipatikana kwa njia za mpwa yuleyule wa kihita cha sigara, likaja na ndege, likazama kwenye pipa na kutulia. Tukaweka gasketi mpya, nati mpya. Mchomeleaji mmoja alinikatia bati la milimita moja na nusu, tukatengeneza kifuniko cha mdomo wa feni chenye shingo mbili, hosi moja kila upande, ngozi ya alumini. Kebo mpya. Vilango nilivichezesha kwa mkono mpaka vikafunga kwa mlio mmoja mkavu. Ukisikia mlio wa kukwaruza, hakijafunga. Mguuni tuliweka visahani vya alumini na riveti nne nne, ili mwenye gari wa kesho akitaka joto la miguu azitoboe tu bila kuharibu kitu.

Nikampigia Afande simu kwamba kazi imekwisha. Nilikuwa nimejisifu mapema.

Asubuhi ya kumkabidhi niliirudisha kengele kwenye kiti cha abiria, nikapita njia ileile, wenzo juu kwa makusudi. Foleni ya Katwe. 12. 20. Ilipofika 38 niliegesha pembeni, nikazima injini na kukaa kimya kama mtu aliyepigwa kofi. Majaketi yote mawili ni mazima, nimeyaona maji yakitulia kwa macho yangu. Gesi inatoka wapi?

Jibu lilikuwa kwenye kitu nilichokiona siku ya kwanza na kukidharau. Kuzunguka injini, kati ya mabati yake na mwili wa gari, kuna mpira mrefu unaoziba mwanya. Wa gari hili ulikuwa umekauka kama biltong, na kwa nyuma, juu ya silensa, kipande cha kama sentimita thelathini hakikuwapo kabisa. Nilikuwa nimekiandika kwenye daftari chini ya "joto la oili, baadaye". Kumbe kiungo cha silensa kilikuwa kinavuja kidogo, kitu ambacho kwenye gari lingine kingekuwa kelele tu. Moshi ulipanda kwenye mwanya ule, ukaingia chumba cha injini, feni ikauvuta, ikausukuma kwenye majaketi yangu mazima, ukapashwa moto vizuri, ukaletwa kwenye kioo cha Afande. Jaketi zima halichuji hewa. Linapitisha kile feni ilichokula.

Tangu hapo kwenye kazi za namna hii naanza na mpira na mabati, jaketi baadaye.

Tulibadilisha gasketi za silensa siku hiyohiyo. Mpira wenyewe ulichukua wiki tatu kufika. Kwa kitambo tulibana mpira wa mlango wa lori kutoka Kisekka, soko la vipuri, si mzuri kwa joto, nilimwambia asiende nao mbali. Mpira wa kweli ulipokaa, nikazunguka tena Katwe, Nateete, mpaka Busega. Kengele ikabaki sifuri kwa saa nzima. Nilibonyeza kitufe cha kuijaribu mara mbili nikidhani imekufa.

Safari ya Kabale tulikwenda wote, kwa sababu nilitaka kuiona mita ya joto la oili kwa macho yangu. Masaka, Mbarara, Ntungamo, mvua za Novemba. Zamani, Afande aliniambia, kwenye mlima wa Rwahi sindano ilikuwa inagusa nyuzi 120 na yeye anaomba dua. Safari hii ilipita 100 kidogo na kukaa hapo, na wala hatukugusa pozeo la oili wala thamostati. Ni ile hewa ya kwenye debe la mafuta ya kupikia iliyorudi mahali pake. Karibu na Mbarara kengele ilipanda mpaka 11 nikashtuka, kumbe tuko nyuma ya lori linalopanda kwa moshi mweusi na sisi tumefungua hewa ya mbele. Tulipolipita ikashuka.

Kanaba tulifika jioni, ukungu umekaa juu ya barabara. Kioo kilianza kufunga kutoka pembeni. Afande alivuta wenzo bila kusema kitu. Kwa dakika moja hakuna kilichotokea zaidi ya harufu ya rangi mpya ya mabati inayoungua. Kisha chini ya kioo, upande wake, pakafunguka nusu duara yenye ukubwa wa kiganja, ikapanda, ikapanuka, na kabla ya kona tatu kupita alikuwa anaona barabara nzima. Upande wangu ulichelewa. Bomba la kushoto lina mkunjo mkali nyuma ya dashibodi na sijalipatia dawa. Miguu ilikuwa baridi. Mimi nilikuwa na soksi mbili.

Mapungufu yapo na nilimwambia mapema. Injini ikiwa chini kioo hakikauki, kwa hiyo mvua ikimkuta kwenye foleni ya Kampala atafungua dirisha kidogo na kuwasha feni ya hewa baridi ya mbele, kama tunavyofanya sote. Kengele inakaa garini, betri zake zinabadilishwa kila Januari, na kila mwaka majaketi yanashuka na kupita kwenye pipa. Hilo la mwisho aliliguna, nami nikamwambia kwamba safari hii nati zina grisi ya shaba na hatutahitaji mshumaa.

Mpira wa kioo cha mbele bado haujafika. Zulia la abiria nimelitoa, linakauka juu ya paa la gereji, na mahali pake mama watoto ametandika taulo la zamani ambalo analikamua wakifika nyumbani.